Fomu ya Mama Mkwe

Mama mkwe wangu hajawahi kuupenda mchezo wa gofu. Anasema ni mchezo wa watu wazima wanaotupa kitu chao mbali kwa makusudi, kisha wanakifuata wakiwa wamenuna. Pamoja na hayo, kwa miaka saba yeye ndiye aliyeandaa mashindano ya gofu ya hisani ya karakana ya viungo bandia, na hakuna aliyewahi kumsaidia kwa hiari, maana kumsaidia Mama ni kazi kuliko kazi yenyewe. Nampenda sana. Nalisema hilo mapema ili nisije nikaeleweka vibaya huko mbele.

Yeye ni karani. Karakana iko nyuma ya hospitali, chumba kirefu chenye harufu ya gundi na plastiki iliyopashwa moto, ambamo mafundi wanne hutengeneza miguu na mikono ya watu. Mama hukaa mlangoni na daftari lake, na wenzake wote, hadi mganga mkuu, humwita Bi Daftari. Safu ya mwisho ya daftari hilo huandikwa neno moja kati ya mawili: "amechukua" au "anasubiri". Hilo la pili analichukia kama mtu anavyomchukia jirani mchongezi. Mguu wa mtoto unakua, husema, wa plastiki haukui. Mtoto aliyevaa mguu mpya leo, baada ya mwaka mmoja na nusu anachechemea tena; anarudi mlangoni akiwa amerefuka, na Mama hana budi kuandika: anasubiri. Fungu la hospitali la plastiki na ngozi za mikanda huisha mapema, na miezi iliyobaki karakana huishi kwa hayo mashindano ya gofu. Yakikosekana, neno moja litajaza ukurasa mzima.

Mimi ni mchapaji. Nina duka dogo lenye mashine mbili, moja inafanya kazi na ya pili inamtazama mwenzake. Nimemwoa binti wa pili wa Mama, na harusi yetu ilifanyika mwaka uleule mashindano yalipoanza. Wiki tatu baada ya harusi Mama aliingia dukani na karatasi mkononi. Klabu ya gofu ilikuwa imempa mfano wa fomu ya usajili kwa Kiingereza, naye kwa kuwa hapendi fomu ambayo mjumbe wa ofisi hawezi kuisoma, alikaa na kamusi Jumapili nzima akaitafsiri. Jina. Simu. Mahali pa kazi. Ukubwa wa fulana. Mstari wa tano ulikuwa na lile neno wanalolitumia wachezaji, handikapu, na kamusi ikamwambia maana yake ni ulemavu. Kwa mtu anayefanya kazi karakana ya viungo, neno hilo ni la kila siku kama salamu. Akaliandika bila kusita: "Kiwango cha ulemavu."

Sasa, mimi nilikuwa nikichapa kadi za matokeo za klabu hiyo tangu siku za ujana. Nilijua fika kwamba handikapu ni ile idadi ya mikwaju anayopunguziwa mchezaji dhaifu ili aweze kushindana na hodari. Nikautazama mstari wa tano. Nikamtazama mama mkwe wangu, miwani yake, mkoba wake wa kwapani, na uso wa mtu ambaye hajawahi kuambiwa "hapa umekosea" tangu alipomaliza shule. Jamani, wiki tatu! Hata chai kwake nilikuwa bado nainywa bila kutoa sauti. Nikasema, "Nakala ngapi, Mama?"

Mwaka wa pili ningeweza kusema, lakini ningesemaje bila kukiri kwamba mwaka wa kwanza nilijua? Kosa ukilinyamazia mara moja, mara ya pili linakuwa lako. Mwaka wa tatu nikajipa moyo kwamba watu wameshazoea. Mwaka wa nne sikufikiria tena.

Mwaka wa kwanza walikuja wachezaji zaidi ya hamsini, kwa sababu mganga mkuu wa wakati ule aliwapigia simu rafiki zake mwenyewe. Alipostaafu, idadi ikaanza kushuka. Arobaini na nne, thelathini na nane. Mwaka wa saba wakafika thelathini na mmoja. Ndipo Katibu wa klabu alipomwita Mama ofisini. Katibu huyo ni mtu mwembamba, anafunga tai hata Jumamosi, na anazipenda kanuni kama wengine wanavyopenda watoto. Alimwambia kwa adabu kwamba kamati imepitisha kanuni mpya: anayeshika Jumamosi nzima lazima awe na wachezaji sitini waliokamilisha mzunguko wa mashimo kumi na nane. Wapo wengi wanaoitaka Jumamosi ile. Mwaka huu atapewa, na asipofikisha sitini, hatapewa tena.

Mama alikuja nyumbani kwetu moja kwa moja, akakaa bila kuvua viatu. Mke wangu akamwambia awaone waandaaji wenzake, kwani penye wengi pana mengi. Mama akajibu kwamba miongoni mwa hayo mengi pana wizi wa majina.

Hakuwa anakosea sana. Mashindano ya hisani ni kazi njema, lakini wanaoyaandaa wanawindana kama paka juu ya ukuta mmoja. Mimi nawajua, kwa kuwa wote wanachapa kwangu. Kuna Refa, mwamuzi wa mpira mstaafu, ambaye mashindano yake ni ya shule ya viziwi na hujaa kila mwaka. Kuna Bi Maktaba, anayeendesha gari la vitabu linalozunguka mitaani. Kuna Daktari wa Mifugo, anayehangaikia mbwa wasio na kwao. Kila mmoja ana orodha yake ya wachezaji na anailinda kuliko kitambulisho chake. Bi Maktaba akiingia na kumkuta Refa, Refa huzilalia karatasi zake juu ya meza yangu kwa kiwiliwili chote, kisha humwuliza habari za nyumbani.

Haikuwa rahisi kumshawishi Mama. Alimaliza wiki mbili akisema hataki. Kisha Jumatatu moja aliandika neno lake baya mara sita kabla ya chai ya saa nne, akafunga daftari, akanipigia simu: "Mkwe, waite hao watu. Nitakuja na maandazi yangu, asije mtu akasema nimewaita kuwaomba."

Walikutana dukani kwangu Jumapili alasiri, mlango umefungwa nusu, viti vinne kuzunguka meza ya kukatia karatasi. Robo saa nzima walizungumzia mvua. Daktari wa Mifugo akasifu maandazi. Refa akasema na yeye anayasifu. Nikaona hapa tutafika magharibi tukiwa bado kwenye maandazi. Mama akakohoa kidogo, akatoa jalada lake, akasema kitu ambacho sikutarajia kukisikia kutoka kinywani mwake: kwamba mashindano yake yanakufa na hajui yanaumwa nini.

Wengine wakatazamana. Mtu akikuonyesha kidonda chake, ni vigumu kuendelea kumwambia habari za mvua. Refa ndiye aliyeanza. Alimwuliza watu wake wanaanzaje. Mama akaeleza kwamba wanaanza shimo la kwanza, kundi baada ya kundi, na kundi la mwisho linamaliza jua likiwa linazama, wa kwanza wameshakwenda zao na zawadi zinakabidhiwa kwa viti vitupu. Refa akapiga paja. Akamwambia awapange watu kwenye mashimo yote kumi na nane, kila kundi lake, kisha apulize filimbi mara moja tu. Wote wataanza pamoja, watamaliza pamoja, na saa sita mchana watakuwa wamekaa mezani wana njaa na hawana pa kwenda. Mama aliandika yote hayo. Bi Maktaba akasema yeye huwaita wachezaji kwa simu, si kwa barua, kwa sababu barua haioni haya ukiikataa. Mama akaandika na hilo.

Daktari wa Mifugo alikuwa amechukua fomu moja kutoka kwenye jalada, akiisoma huku akitafuna. Akaacha kutafuna. Akasoma kwa sauti: "Kiwango cha ulemavu."

Refa alicheka hadi akashika meza. Daktari alipaliwa. Hata Bi Maktaba, ambaye ni mpole, aliinamisha kichwa na mabega yakawa yanatikisika. Mama akawatazama mmoja mmoja, akauliza kuna nini. Daktari, akifuta machozi, akamweleza handikapu ni nini.

Mama hakucheka. Alisema taratibu kwamba yeye alidhani gofu ni mchezo wa kistaarabu sana. Alidhani kabla ya kuanza wanaulizana kila mtu amebeba nini mwilini, ili mwenye nguvu asimwonee asiye nazo.

"Lakini mama," Refa akasema, kicheko kimeanza kumwisha, "handikapu yenyewe ndiyo maana yake hiyo hiyo."

Bi Maktaba alikuwa ameinua kichwa, na uso wake ulikuwa umebadilika. Akasema, kwa aibu, kwamba mume wake yuko kampuni ya bima, na fomu hii hufika kwao kila mwaka. Kila mwaka ofisi nzima huisoma na kuiweka kando. Wanasema ni mashindano ya wachezaji walemavu, na si vizuri wazima kwenda kuwachukulia nafasi zao. Wamewahi hata kuisifu hospitali kwa wazo hilo.

Basi huo ndio ulikuwa ugonjwa. Watu hawakumkataa Mama; walimfanyia adabu. Na mimi pia nilimfanyia adabu, miaka saba, kwa wino mweusi na karatasi nzuri. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, lakini hawakusema kwamba kinaweza kuwa kimekuolea bintiyo.

Mama akanigeukia. Hakuinua sauti.

"Mkwe. Wewe unachapa kadi za klabu. Ulijua?"

"Nilijua, Mama."

"Tangu lini?"

"Tangu fomu ya kwanza."

Alivua miwani akaifuta, ingawa haikuwa na vumbi. Ningefurahi kama angenitukana. Nilitaka kueleza habari za wiki tatu na chai isiyo na sauti, lakini maneno yaliyonona moyoni yalifika mdomoni yamekonda. Nilisema tu kwamba niliona haya. Mama akaivaa miwani na kuanza kukusanya karatasi zake.

Refa ndiye aliyeokoa siku ile, Mungu ampe umri. Aliweka mkono juu ya jalada akauliza swali la kitaalamu: hao thelathini na mmoja ni akina nani? Kama fomu inafukuza watu, mbona wao wanarudi kila mwaka? Kwake yeye mashindano yanajaa, alisema, lakini kila mwaka anatafuta wapya, kwa sababu wa mwaka jana hawarudi.

Mama alifungua jalada shingo upande. Akasema hao ni wale waliojibu swali.

Akaanza kuwapitia. Huyu dereva wa malori aliandika kwamba sikio la kulia halisikii, basi Mama huwapanga wenzake watembee kushoto kwake. Huyu mwalimu aliandika mgongo, basi kundi lake huanza karibu na viti vyenye kivuli. Huyu aliandika kwamba ana kigugumizi na hapendi kuulizwa maswali na watu wapya, basi miaka minne hajawahi kupangwa na mtu mpya. Na huyu mhasibu mstaafu, kwenye mstari wa tano, aliandika kwa mwandiko mdogo: "Mke wangu amefariki mwezi wa tatu." Mama alimpanga na watu watatu wasio na maneno mengi, akawaomba watembee polepole. Yule mzee amerudi kila mwaka tangu hapo, na kila mwaka ameandika jambo jingine kwenye mstari uleule. Mwaka jana aliandika: "Afadhali."

Mimi nilikuwa nimechapa fomu zile mamia, na sikuwahi kusoma hata moja ikiwa imejazwa.

Refa akatoa orodha yake mfukoni mwa koti, ile aliyokuwa akiilalia, akaisukuma mbele ya Mama. Alisema atawapigia simu watu wake yeye mwenyewe, na kwamba angependa kuuchukua mstari wa tano kwenye fomu yake, kama Mama ataruhusu. Bi Maktaba akasema atamshughulikia mumewe jioni hiyohiyo. Daktari wa Mifugo akasema naye atawaleta wachezaji wake; wengi wana mbwa wakorofi na hawatakuwa na shida na chochote. Kabla hawajaondoka walikuwa wameandika kwenye ukuta wangu, kwa penseli, Jumamosi zote nne, ili asipangwe mtu juu ya mwenzake.

Mama aliaga wote. Mimi hakuniaga.

Siku tisa, kila tulipokula pamoja, nilisemeshwa kupitia kwa mke wangu. "Mwambie mumeo chumvi iko karibu naye." "Mwulize mumeo kama anaongeza mboga." Mke wangu, ambaye ana moyo wa jiwe akitaka, aliniambia nivumilie, kwa sababu yeye alipokuwa msichana aliwahi kusemeshwa kupitia kwa dada yake mwezi mzima kwa kosa la kikombe. Nilivumilia. Ukweli ni kwamba nilistahili, na bado nilinuna.

Siku ya kumi Mama aliingia dukani na fomu mpya, ameiandika kwa mkono. Mstari wa tano sasa ulisema, "Handikapu yako ya gofu." Chini yake akaongeza wa sita: "Je, kuna jambo lolote ungependa tulijue ili siku yako iwe nzuri?" Akaweka kalamu nyekundu juu ya karatasi.

"Sahihisha," akasema.

Nikasoma mara tatu nikiomba isiwe na kosa. Ilikuwa nalo: tarehe na siku hazikupatana. Nikazizungushia duara. Akaangalia kalenda ya ukutani, akaangalia duara, akaguna. Kisha akanipa cheo. Siku ya mashindano nitakaa meza ya kadi, na kila kadi itakayorudi nitaikagua mimi. "Umekaa kimya miaka saba. Siku hiyo ukiona kosa, useme. Liwe la meneja, liwe la nani."

Siku yenyewe ilifika ikiwa na anga safi. Saa moja kamili asubuhi Refa alipuliza filimbi yake ya zamani kwa nguvu iliyoshtua ndege wote wa uwanja, na makundi yakaanza pamoja kutoka mashimo yote. Watu wa bima walikuja wanane. Thelathini na mmoja wetu walikuja wote. Sitini walisajiliwa, sitini barabara, na Mama alizunguka na kofia yake pana akihakikisha dereva wa malori anasemeshwa upande wa kushoto. Kufikia saa sita makundi yote yalikuwa yamerudi, watu wamekaa mezani wana njaa, kama Refa alivyosema.

Nilikagua kadi. Nilimrudishia meneja mmoja kadi yake kwa sababu alijumlisha vibaya kwa faida yake, na sikufa. Mama alikuwa amesimama karibu nami na Katibu, aliyekuwa amefungua kitabu cha kamati na kukiegemeza kwenye meza yangu. "Sitini," Mama akamwambia, na sauti yake ilikuwa na furaha ambayo alijaribu kuificha. Katibu akashika kalamu.

Nilikuwa na kadi ya mwisho mkononi. Ilikuwa ya fundi wa lifti, aliyeitwa kazini katikati ya mchezo kwa kuwa watu walikuwa wamekwama ghorofa ya nne. Wenzake walikuwa wameirudisha pamoja na zao. Ilikuwa imejazwa vizuri hadi shimo la nane, na baada ya hapo ilikuwa nyeupe.

Hakuna aliyeiona ila mimi. Ningeweza kuiweka chini ya nyingine. Nilifikiria watoto wa mlangoni na miguu yao iliyofupika, na nikaona kabisa kwamba kunyamaza safari hii kungekuwa jambo la huruma. Ila na mara ya kwanza nilidhani hivyohivyo.

"Mama," nikasema, "umekosea. Ni hamsini na tisa."

Refa, aliyekuwa nyuma yangu, alitoa pumzi kama mtu aliyekanyagwa. Mama aliichukua kadi. Akaisoma mbele, akaigeuza nyuma, akaisoma tena mbele.

"Ni kweli," akamwambia Katibu. "Hamsini na tisa."

Katibu akaweka kalamu chini. Alionekana mwenye huzuni ya kweli, lakini hamsini na tisa si sitini, na alilisema hilo. Daktari wa Mifugo alianza kubishana naye, na Bi Maktaba pia, na Mama akawanyamazisha wote kwa kiganja. Akaomba asomewe kanuni. Katibu akaisoma: mchezaji awe amesajiliwa, na akamilishe mashimo kumi na nane kabla ya jua kuzama. Mama akauliza ni saa ngapi. Ilikuwa saa saba kasoro dakika kumi. Akauliza kama usajili umefungwa. Katibu akasema usajili hufungwa na mwandaaji.

"Mwandaaji ni mimi," Mama akasema. "Hiyo kanuni inasema mchezaji awe anajua kucheza?"

Katibu aliisoma tena kimoyomoyo, kidole kikifuata mistari. Haikusema.

Mama akachukua fomu tupu, akaijaza akiwa amesimama. Mstari wa sita aliuandika akiufunika kwa mkono, kisha akanipa mimi fomu, kwa kuwa meza ya kadi ilikuwa yangu. Alikuwa ameandika: "Sipendi kusahihishwa." Halafu akaniambia nibebe penseli, nitembee naye na kuhesabu.

Akaazima fimbo za Bi Maktaba, kwa kuwa wanalingana kimo. Dereva wa malori na yule mzee mfiwa, ambao walikuwa wameshamaliza mzunguko wao na wangeweza kabisa kwenda nyumbani, walisimama bila kuombwa wakasema watatembea naye. Pigo la kwanza la maisha yake lilichimbua udongo wa kutosha kupanda mche, na mpira haukujua kilichotokea. La pili liliupeleka hatua nne. Yule mzee akamwambia apinde magoti kidogo na asiwe na haraka, na hayo ndiyo mafunzo yote aliyopata.

Shimo la tatu alitangaza tisa.

"Kumi na moja, Mama."

Alinitazama kwa muda ambao mtu anaweza kuhesabu hadi ishirini. Dereva wa malori akageuza sikio lake bovu upande wetu, kwa adabu. "Kumi na moja," Mama akasema, akaondoka akivuta fimbo. Shimo la tano alisema saba nami nikasema nane. Shimo la tisa hakusema, aliniuliza. Kofia ilishuka ikawa imening'inia shingoni, viatu vilijaa mchanga, na kila nilipotazama nyuma watu waliokuwa wakitufuata walikuwa wameongezeka. Watu wa bima walikuja na sahani zao mkononi. Katibu alikuja na tai yake. Shimo la kumi na tano Mama alianza kuegemea fimbo baada ya kila pigo, na nilipotaka kumwambia apumzike, aliniuliza kama jua nalo linapumzika.

Shimo la mwisho alilifikia jua likiwa juu ya uzio. Watu walisimama kuzunguka, wengi kuliko waliowahi kusubiri zawadi zake mwaka wowote. Alisukuma mpira ukapita. Akausukuma ukapita upande wa pili. Akausukuma tena, ukazunguka mdomo wa shimo kama mtu anayetafuta ufunguo, ukaingia. Kelele zilizopigwa sijawahi kuzisikia kwenye gofu. Mama hakuzijali. Alikuja moja kwa moja kwangu, jasho linamtiririka, akiwa amekunja vidole vya mkono mmoja kushika hesabu yake.

"Kumi na mbili," akasema.

"Kumi na tatu, Mama. Pale kwenye majani ulipiga hewa. Inahesabiwa."

Katibu alikuwa pembeni yetu na kitabu wazi. Akasema kwa upole kwamba mia mbili na kumi na tatu au mia mbili na kumi na nne, kwa kamati ni mamoja; kilichotakiwa ni kukamilisha, na amekamilisha. Mama akamgeukia kana kwamba ametukanwa.

"Andika mia mbili na kumi na nne," akasema. "Mkwe wangu amesema hewa inahesabiwa."